Kushinda Njaa na Kulala Njaa: Fasihi Yetu na Chungu cha Kibera na Kawangware

Makala haya yanakusudia kuzungumzia jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelipita upesi, nalo ni namna njaa inavyosimuliwa. Hatudai kwamba njaa imesahauliwa. Tangu wahakiki wetu walipoanza kuipima fasihi kwa jicho la matabaka, neno njaa halikosekani katika orodha za dhamira, likiandamana na unyonyaji, umaskini na uongozi mbaya. Lakini kuorodhesha si kuhakiki. Swali letu ni la fani kabla ya kuwa la maudhui: mwandishi wa Kiswahili anapotaka msomaji wake aione njaa, humwonyesha nini hasa? Jibu tutakalojaribu kulitetea ni kwamba mara nyingi humwonyesha shibe. Humwonyesha tumbo la mtu mwingine, limejaa na bado linadai. Wakati huo huo lugha yenyewe, kama inavyosemwa na wenye njaa, haiipimi njaa kwa ukubwa wa tumbo. Huipima kwa saa.

Mfano wetu wa lugha hiyo ni wa Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Hatukuichagua kwa kuwa ndiyo yenye dhiki kuliko yote. Mathare, Mukuru au Korogocho ingefaa vilevile. Tuliichagua kwa sababu mwandishi wa makala haya alipanga chumba Kawangware, karibu na kituo cha 56, kwa miaka 3 alipokuwa mwanafunzi, na kwa sababu wengi wa wanafunzi anaowafundisha leo wanatoka katika mitaa hii au wanalala humo. Sababu hii ya pili tutairudia mwishoni, kwani ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Jitu mkahawani

Tuanze na kitabu ambacho kila aliyefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya Kenya miaka ya karibuni anakijua. Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne hadi mwaka 2022. Maana yake ni kwamba kwa vijana wengi wa nchi hii, picha ya kwanza ya njaa waliyofundishwa kuichambua darasani ni ile iliyomo humo.

Hadithi iliyoupa mkusanyiko jina ni ya Said Ahmed Mohamed. Wakazi wa Madongoporomoka, mtaa wa vibanda uliobanwa na jiji linalopanuka, wamepata fununu kwamba ardhi yao inatakiwa. Katikati ya wasiwasi huo linatokea jitu, linaingia mkahawani mwa Mzee Mago na kula chakula chote kilichopikwa. Kisha yanakuja mabuldoza. Fumbo lenyewe si gumu, wala halikukusudiwa liwe gumu: tumbo ni jiji, ni mtaji, ni wakubwa, na aliyekula wali leo atakula kiwanja kesho. Nguvu ya hadithi imo katika kitenzi kula, ambacho Kiswahili kimekitwika mizigo mingi. Tunakula rushwa, tunakula njama, tunakula kiapo, tunakula hasara. Said Ahmed Mohamed hakuhitaji kubuni sitiari. Aliikuta lughani, akaipa mwili na kiti cha kukalia. Ni kazi ya fundi, na hatuna nia ya kuipunguzia heshima yake.

Katika mkusanyiko uo huo imo Shibe Inatumaliza, ya Salma Omar Hamad. Sasa na Mbura wamo katika sherehe ya Mzee Mambo, wanakula bila kukoma huku wakizungumzia maradhi yanayoletwa na ulaji huo huo. Kwa maoni yetu kejeli ya hapa ni kali zaidi, kwa sababu walaji wenyewe wanajua. Wanajua, na wanapakua tena. Hata jina la hadithi lina pande mbili, kwani shibe hiyo inawamaliza wanaokula na inawamaliza wasiokula.

Sasa na tuulize: mwenye njaa yuko wapi katika hadithi hizi mbili? Yuko, lakini yuko kama umma, kama upande wa pili wa mizani. Mzee Mago ni mtu kamili, lakini tunamjua kwa msimamo wake juu ya ardhi, si kwa alichokula au alichokosa. Msomaji akifunga kitabu hukumbuka namna jitu lilivyokula. Ni nadra amkumbuke mtu aliyekuwa akitegemea sahani moja ya chakula kile. Jitu hula kwa wingi wa kutisha, na kwa hiyo swali ambalo kejeli hutuachia ni kiasi gani. Swali la mtu wa Kibera silo hilo. Yeye huuliza lini.

Wahakiki, nasi tukiwemo, tumeyafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Tumewafundisha wanafunzi kuandika kwamba ulafi wa jitu unawakilisha unyakuzi wa mali ya umma, tukawapa alama zao, tukaendelea na swali linalofuata. Hatukusimama kuuliza kama kejeli, ambayo kazi yake ni kumsuta mkubwa, inatosha kumjua mdogo.

Methali nazo zina kasoro hii kwa kiasi chake. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Njaa huja hapo ikiwa pacha wa shibe, na katika methali hii ya pili anayetajwa kwanza ni aliyeshiba. Mwenye njaa hana miiko inamtazama mwenye njaa ana kwa ana, lakini inamtazama kwa shaka, kama mtu wa kuchungwa asije akadokoa. Tuliyoyaona sisi Kawangware ni kinyume chake. Mwenye njaa ana miiko tele, na mingi ya miiko hiyo ni ya wakati.

Lugha ya saa

Tunaona njaa, tunasikia njaa, tunahisi njaa. Hivyo ni vitenzi vya mwili. Njaa ya maisha, ile inayorudi kila siku kama kodi ya nyumba, ina vitenzi vyake viwili, kushinda njaa na kulala njaa. Vyote viwili ni vya wakati. Kushinda ni kuupitisha mchana, na kulala ni kuupitisha usiku. Mtu akikuambia kwamba jana walilala njaa, hakukuambia chakula kilipungua kwa kiasi gani. Amekuambia ni mlo upi uliokosekana, na msikilizaji wa mtaani huelewa papo hapo kwamba huenda mchana walipata kitu. Kushinda kuna siri nyingine tena, kwa sababu kitenzi hicho ni cha vitani na uwanjani pia. Ameshinda njaa yaweza kuwa na maana kwamba amekaa nayo mchana kutwa, au kwamba ameibwaga. Jioni, katika vichochoro vya Gatwekera au Laini Saba, salamu ya Umeshindaje hujibiwa kwa mzaha, Nimeshinda njaa, na wote wawili hucheka kwa kuwa wamezisikia maana zote mbili. Huo ni ushairi, ingawa hakuna aliyeupeleka kwa mchapishaji.

Majina ya milo yana saa ndani yake. Chamcha ni cha mchana, chajio ni cha jioni, na kifungua kinywa kinakiri kwamba kinywa kilikuwa kimefungwa usiku kucha. Lakini haya ni maneno ya vitabuni na ya redioni. Tuje sokoni. Mboga inayojulikana kuliko zote Nairobi ina jina ambalo si jina la mmea hata kidogo, bali ni sentensi: sukuma wiki. Aliyeitunga sentensi hiyo hakutaja rangi ya jani wala ladha yake. Alitaja kazi yake, yaani kuisogeza wiki hadi siku ya mshahara. Chai isiyo na maziwa, ambayo mtaani huitwa turungi, hunywewa ili kuahirisha. Andazi zito liitwalo KDF, kwa jina la jeshi la nchi, husifiwa si kwa utamu bali kwa sababu hukaa tumboni. Kijana aliyeruka mlo wa mchana husema amepiga pasi ndefu, mpira ukitoka nyuma hadi mbele bila kugusa kiungo cha kati. Katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, utawaona saa 7 mchana wafanyakazi wameketi kwenye nyasi wakimsikiliza mhubiri hadi saa ya kurudi kazini. Wenyewe husema wanakula eabaga, mkate uliojazwa hewa.

Anayetaka kuielewa fani hii na apite Barabara ya Naivasha, ndani ya Kawangware, kuanzia saa 12 jioni. Hapa chakula hakikosekani. Kuna sufuria za githeri iliyokwisha kuchemshwa, kwa kuwa mahindi na maharagwe ya kuchemsha mwenyewe yangemaliza makaa ya siku 2. Kuna chapati, kuna madondo, kuna omena, kuna vichwa na miguu ya kuku ikielea katika mafuta, kuna mutura juu ya moto. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe kidogo, unga kwa gorogoro au nusu yake au robo yake. Njaa ya hapa haifanani na ile ya ukame, ambayo jamii zetu zimeipa majina na kuiweka katika kumbukumbu. Wakamba waliiita njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19 Ngomanisye, iliyoenea kila mahali, na mojawapo ya zile za miaka ya 1980 waliiita kwa maneno yenye maana ya kufa na fedha mkononi. Kawangware mambo yamepinduka: chakula kiko mkononi mwa muuzaji, harufu yake imekufikia, na fedha ndiyo isiyokuwapo. Njaa kama hii haina jina wala mwaka. Haianzi wala haiishi, na kwa hiyo mwandishi aliyezoea kisa chenye mwanzo na kilele hupata taabu kuishika.

Lakini ina mpangilio wake, na mpangilio ndio mali ya msimuliaji. Tulipokuwa tumepanga, jirani yetu mmoja alikuwa na watoto 4. Ilitushangaza kwamba alianza kupika saa 3 usiku, hata siku ambazo unga ulikuwa umenunuliwa tangu saa 11 jioni. Tulidhani ni uchovu. Kumbe ilikuwa hesabu. Mtoto aliyekula saa 12 jioni huamka usiku akilia. Aliyekula saa 3 hulala hadi asubuhi, na asubuhi kuna turungi, na shuleni huenda kuna uji. Mlo ule mmoja aliuweka mahali ambapo ungefunika sehemu kubwa zaidi ya siku, kama mtu mwenye blanketi fupi. Yeye mwenyewe alisema kila mara kwamba amekula huko. Huko hakukuwa na mahali maalumu. Kilikuwa kionyeshi tu cha kumwezesha mama asile bila kumlazimu mtoto aulize.

Katika siasa za Kenya umezoeleka usemi wa zamu yetu ya kula, kiasi kwamba mwandishi wa Uingereza Michela Wrong aliuchukua kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 2009. Katika chumba kile pia kulikuwa na zamu, ila ilikuwa zamu ya kutokula. Neno ni lile lile. Tunashangaa kwamba waandishi wetu wamelitumia mara nyingi kwa wale wa Bungeni na mara chache mno kwa wale wa chumba cha futi 10 kwa 10.

Kufunga

Hapa hapana budi tutenganishe kushinda njaa na kufunga, kwa sababu fasihi na mahubiri huyachanganya. Kibera ni mahali pazuri pa kuujadili utengano huu. Wanubi, waliofika hapo mwanzoni mwa karne ya 20 wakiwa askari wa King's African Rifles pamoja na jamaa zao, ndio walioliita eneo hilo Kibra, yaani msitu, na hadi leo Ramadhani katika sehemu ya Makina ina daku yake na futari yake na adhana ya magharibi inayosubiriwa. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, mfungaji wa hapa hukaa bila chakula wala maji kwa zaidi kidogo ya saa 13, mwaka huu na mwaka ujao. Jirani yake asiyefunga, kibarua anayetoka Kibera alfajiri kwa miguu hadi viwandani Industrial Area na kula usiku tu, hukaa karibu saa 24. Maji anakunywa, ni kweli. Lakini kwa hesabu ya chakula, asiyefunga ndiye aliyefunga zaidi. Utani wa Kibera unalijua jambo hili: utamsikia mtu akimwambia rafiki yake Mwislamu kwamba wewe unafunga mwezi, mimi nafunga mwaka.

Utani huo ni sahihi kwa saa na si sahihi kwa lugha. Kitenzi kufunga kina mwenzake, kufungua. Aliyefunga ameshika ufunguo, anajua saa ya mlango kufunguliwa, na watu wengine wanaisubiri saa hiyo pamoja naye. Kushinda njaa hakuna kitenzi cha kukifungulia. Ndiyo maana saumu ni ibada, na mgomo wa kula, kama ule wa akina mama wa wafungwa wa kisiasa katika bustani ya Uhuru mwaka 1992, ni usemi ambao serikali iliuelewa vizuri na kuukasirikia. Anayekataa chakula anasema neno kwa sababu angeweza kula. Na ndiyo maana yaliyofichuliwa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, ni msiba wa lugha pia mbali na kuwa msiba wa roho za watu. Waliokuwa humo waliambiwa wafunge. Neno lilibakishwa, na nusu yake ya pili, kufungua, ikaondolewa.

Tulipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamili tulisomeshwa hadithi ya Franz Kafka ya mwaka 1922 kuhusu msanii ambaye sanaa yake ni kukaa bila kula ndani ya kizimba, watu wakimtazama. Msimamizi wake humruhusu siku 40, si zaidi, kwa sababu baada ya hapo watazamaji huchoka. Mwishoni anakiri kwamba alifunga kwa kuwa hakupata chakula alichokipenda. Wenzetu darasani waliijadili kwa saa 2, wakitaja upweke wa msanii na kutoeleweka kwake. Sisi tulikuwa tunamfikiria jirani yetu wa Kawangware, na hatukusema neno. Tunaona haya kuyaandika, lakini wakati ule tulidhani kwamba habari za jirani si fasihi.

Mara ngapi

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki, kama tunautia mlo wa mchana chumvi. Ni kweli kwamba ini la mtu mzima mwenye afya huhifadhi sukari ya kuukimu mwili kwa takriban siku nzima, kisha mwili hugeukia mafuta yake. Na milo 3 kwa siku ni desturi ya kengele za kazi na za shule zaidi ya kuwa amri ya maumbile. Tumewasikia hata wasomi wakitumia hoja hii kuwatuliza dhamiri zao. Lakini hoja hiyo inamhusu mtu mzima, mwenye afya, aliyekula vizuri jana. Mtoto tumbo lake ni dogo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 alishwe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4. Hapo ndipo hesabu ya saa 3 usiku inapovunjika, kwa kuwa chungu ni kimoja na saa za waliokizunguka ni tofauti. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambapo mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hulipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana. Tunautaja kwa sababu ya jina lake. Dishi, neno la mtaani, limeingia katika karatasi za serikali kabla ya kuingia katika riwaya zetu.

Njaa ya Nairobi iliandikwa mapema, lakini kwa Kiingereza. Meja Mwangi katika Kill Me Quick, mwaka 1973, aliwaonyesha vijana wawili wenye vyeti vya shule wakila kutoka kwenye mapipa ya taka. Mbali zaidi, Knut Hamsun alichapisha mwaka 1890 riwaya aliyoiita Njaa kwa lugha yake, kuhusu mwandishi kijana anayetangatanga mjini Kristiania akitafuna vipande vya mbao. Hamsun ndiye aliyetuonyesha kwamba njaa yaweza kusimuliwa saa baada ya saa. Hata hivyo mhusika wake yuko peke yake, na sehemu ya njaa yake ni kiburi. Hakuna wa kumdanganya kwamba amekula huko.

Chungu cha mawe

Kisa kinachokaribia zaidi njaa tunayoizungumzia si cha Hamsun, nacho kimo katika mapokeo yetu ya pwani. Sayyidna Umar alipokuwa akizunguka usiku nje ya Madina alimkuta mwanamke amekoka moto, ameteleka chungu, na watoto wanalia pembeni. Chunguni hamkuwa na chakula. Mlikuwa na maji, na wasimulizi wengine husema mawe. Mama alikuwa akikoroga ili watoto wangoje, na katika kungoja walale. Wasimulizi kwa kawaida hukimbilia sehemu ya Khalifa kubeba unga mgongoni mwake, kwa sababu mafunzo ya uongozi yako hapo. Kwa mhakiki wa fani, kiini kiko chunguni. Mama yule hapiki chakula, anapika muda. Ameielewa njaa kuwa ni urefu wa kitambo kati ya kilio na usingizi, na amekitafutia kitambo hicho mboga yake. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, vyombo vya habari vilitangaza kwamba mjane mmoja wa Mombasa alikuwa amewatelekea watoto wake mawe. Nchi ililia, na misaada ikatolewa. Wengine walisema kisa kimenakiliwa. Sisi hatuoni sababu ya kudhani hivyo, maana chungu cha namna hiyo hakihitaji kunakiliwa na mtu ambaye watoto wake hawajalala.

Mwezi huo huo, Ijumaa tarehe 10, watu wengi walijitokeza Kibera katika ofisi ya utawala ambako chakula cha msaada kilikuwa kikigawiwa. Watu wakasukumana, polisi wakarusha gesi ya kutoza machozi, na wengi wakaumia. Tulikuja kuisoma siku hiyo tena mwaka 2021, katika insha ya kubuni ya mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili. Insha ilikuwa na kurasa 4, na ilipangwa kwa saa tu. Saa 11 alfajiri mama anateleka maji. Saa 3 asubuhi watoto wanakunywa turungi na kugawana KDF moja. Saa 6 mama anasikia habari za msaada, anatoka. Saa 9 anarudi na kiatu kimoja, mikono mitupu. Baada ya hapo insha inatulia nyumbani hadi saa 3 usiku, amri ya kutotoka nje ikiwa imekwisha kuanza, ugali unapakuliwa, na mama anakaa mlangoni akiwatazama wanawe wakila.

Tuliipa alama 9 kwa 20. Tuliandika kwamba haina mgogoro, kwamba wahusika hawajakuzwa, na kwamba tukio kuu, ambalo magazeti yalilipa kurasa nzima, mwandishi amelipa sentensi moja. Tulimshauri asome hadithi ya jitu aone namna dhamira ya njaa inavyojengwa. Alichukua karatasi yake akashukuru, nasi hatukuiona tena, kwani amekwisha kuhitimu.

Kuna jambo moja tuliloliandika pembeni kwa wino mwekundu, mahali mama alipokaa mlangoni: kwa nini huyu hali? Mwanafunzi alikuwa amekwisha kutujibu katika ukurasa wa kwanza, pale mama aliposema alfajiri kwamba watoto wasimwekee kitu, atakula huko kazini. Mistari 3 juu yake ilikuwa imeandikwa kwamba kazi hiyo ilifungwa tangu Machi.